UZI: Gari inagoma pua au inatupa mkia saketi? Tuelewane kuhusu gripu ya mbele na nyuma kabla hujanunua stabilaiza

Geji ya Upepo (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Kwenye jukwaa hili swali la "gari yangu haili kona vizuri, nifunge nini?" halikauki, na majibu ni yaleyale: stabilaiza nene ya nyuma (kile chuma kinachounganisha gurudumu la kushoto na la kulia ili gari isilale sana kwenye kona), springi za kushusha, spoila. Mtu anatoa hela yake, anafunga, wiki mbili baadaye anarudi kusema gari sasa inamtisha. Nimeona niweke uzi mmoja mrefu, siku nyingine tuwe tunamtupia mtu linki tu.

Mimi naishi Kent, Uingereza. Gari ninayopeleka saketi (uwanja wa mbio za magari) ni Toyota GT86, na saketi ninayoijua vizuri ni Brands Hatch, ile fupi ya Indy yenye karibu kilomita 1.94. Mifano yangu mingi itatoka huko. Mwenye Altezza, Subaru au Swift asiondoke, hesabu ni zilezile.

Pua kugoma ni pale unapokata usukani na gari inaendelea kwenda nje ya kona, yaani matairi ya mbele yameishiwa gripu (mshiko wa lami) kabla ya ya nyuma. Mkia kutoka ni kinyume chake. Gari karibu zote za kiwandani zimepangwa zigome pua kwanza, na hilo si uzembe. Dereva wa kawaida akishtuka anaachia mafuta. Pua iliyogoma ukiiachia mafuta, uzito unarudi mbele na inashika tena. Mkia uliotoka ukiuachia mafuta ghafla ndiyo umeumaliza. Porsche walipata taabu na jambo hili kwenye 911 za mwanzo, zenye injini nyuma kabisa ya ekseli ya nyuma: kuna wakati walificha vyuma vya uzito kwenye bampa ya mbele, na kwa modeli ya 1969 wakaongeza umbali kati ya ekseli kwa milimita 57, kutoka 2,211 hadi 2,268, ili kuutuliza mkia. Kama kampuni yenye wahandisi wa namna ile ililazimika kusogeza magurudumu, wewe usitegemee chuma kimoja cha kuagiza mtandaoni kikumalizie kila kitu.

Sasa kiini cha uzi. Kabla hujagusa nati yoyote, jibu maswali mawili. Gripu inapungua upande gani? Na inapungua sehemu gani ya kona: ukiingia, ukiwa katikati, au ukitoka? Anayesema "gari yangu inagoma pua" bila kusema wapi, fundi hawezi kumsaidia, atabahatisha tu.

Ukiingia, bado una breki au ndiyo unaiachia, uzito upo mbele. Kwa gari yangu, mimi nikiwa ndani, jumla ni kama kilo 1,320, mbele 700 na nyuma 620. Umbali kati ya ekseli ni mita 2.57 na kitovu cha uzito kiko sentimita 46 hivi juu ya lami. Ukifunga breki kwa nguvu ya 1g (nguvu sawa na uzito wa gari yenyewe), kama kilo 235 zinahama kutoka nyuma kwenda mbele. Sasa mbele pana 935, nyuma 385. Ukikata usukani hapo, pua inakata sana na mkia umebaki mwepesi. Ukiachia breki yote kwa mkupuo halafu ndiyo unakata, pua imeshanyanyuka, na utasema gari inagoma pua wakati tatizo ni mguu wako. Malalamiko mengi ya pua kugoma ninayoyasoma hapa yanaishia hapo. Jaribu kona ileile ukiwa umepunguza kilomita 5 kwa saa tu, na breki uiachie taratibu huku unakata usukani. Tatizo likipotea, umeokoa hela.

Katikati ya kona, ambapo hukanyagi breki wala mafuta ya maana, ndipo gari inaonyesha tabia yake halisi. Brands Hatch mimi naipimia Clearways, kona ndefu ya kulia inayokuleta kwenye mstari wa kumalizia. Ni ndefu kiasi kwamba unapata muda wa kuhisi nani anaishiwa kwanza.

Hapa ndipo stabilaiza zinaingia. Gari yangu ikila kona kwa 1g, karibu kilo 400 zinahama kutoka matairi ya ndani kwenda ya nje. Hizo kilo 400 hazipunguzwi na stabilaiza. Zinatokana na uzito, urefu wa kitovu cha uzito na upana wa gari, basi. Stabilaiza na springi zinaamua tu mgawo: ngapi zihamie mbele, ngapi nyuma.

Na mgawo una maana kwa sababu tairi ukilizidishia uzito mara mbili halikupi gripu mara mbili. Tairi ni hamali wa sokoni: mahamali wawili wenye gunia mojamoja watafika mbali kuliko mmoja aliyebeba mawili huku mwenzake yuko mikono mitupu. Kwa hiyo ekseli inayohamisha uzito mwingi zaidi kutoka ndani kwenda nje ndiyo inayopoteza gripu. Ukifunga stabilaiza nene nyuma, nyuma inahamisha nyingi, mbele inapata nafuu. Pua inakata vizuri, na unafurahi. Ila gripu ile imechotwa nyuma. Kama mbele ndiko kulikokuwa na upungufu, cha kwanza ni kuiongezea mbele kwa matairi, kemba na upepo wa matairi. Kuchota nyuma kunafuata baadaye, kidogokidogo.

Ukitoka, mafuta yanaamua. Gari ya kusukumwa nyuma ukikanyaga, tairi la nyuma linagawana gripu kati ya kusukuma na kushika kona. Mkia ukitoka hapo, angalia mguu wako, kisha difu (inayogawa nguvu ya injini kati ya magurudumu), kisha ndiyo miguu ya gari, yaani springi, shokapu na stabilaiza.

Spoila nitaisema kwa mstari mmoja: nguvu ya upepo inakua kwa mraba wa mwendo, kwa hiyo kwenye kona ya kilomita 60 kwa saa ni pambo, na kwenye kona ya kasi, ukiweka nyuma tu bila kitu mbele, unaongeza pua kugoma.

Karibuni.

---

Kona Mbaya

Nimeweka mkeka hapa. Mkuu umesema kemba na upepo halafu ukapita haraka. Shusha hapo.

---

Geji ya Upepo

Kemba ni ule mlalo wa tairi ukilitazama kutoka mbele ya gari. GT86 mbele ina miguu ya strati (shokapu na springi kwenye nguzo moja inayoshika gurudumu), ambayo gari ikilalia upande, tairi la nje linalala nalo na kukanyagia bega. Ukitaka kuona kwa macho, chukua chaki, paka mstari kuanzia ukingo wa kukanyagia kushuka ubavuni mwa tairi, zunguka mizunguko michache kwa kasi, rudi ukaangalie. Chaki ikifutika mpaka chini ya ile alama ndogo ya pembetatu iliyopo begani, tairi linajikunja kupita kiasi. Na ukipitisha kiganja juu ya tairi utahisi bega la nje limekwaruzika, na vipira vidogo vimeng'ang'ania pale, wakati upande wa ndani bado ni laini.

Kiwandani kemba ya mbele ya gari hii iko karibu na sifuri. Kwa saketi na matairi ya barabarani yenye gripu nzuri, watu wengi wanaweka kati ya digrii 2.5 na 3 za kulalia ndani (juu ya tairi kuinamia ndani ya gari) mbele, na karibu 2 nyuma. Kabla hujaongeza stabilaiza yoyote, fanya hilo. Pua itaanza kukata na nyuma haijapoteza kitu. Gharama yake ni boliti za kemba au pleti za juu ya shokapu, pamoja na alaimenti (kupima na kupanga mlalo na mwelekeo wa matairi).

Upepo nao ni pale utakaposhangaa. Kila joto la tairi likipanda nyuzi 5 hadi 6 za selsiasi, upepo unapanda karibu psi 1 (kipimo cha upepo wa tairi). Kwa hiyo namba ya asubuhi, tairi likiwa baridi, haina maana yenyewe. Namba ya maana ni unaporudi pit, pale gari zinaposimama kando ya saketi. Tuseme unataka 35 likiwa la moto, basi asubuhi utaanza na 29 au 30, kutegemea hali ya hewa. Na Brands Hatch Indy ina kona sita, nne ni za kulia na mbili za kushoto, kwa hiyo matairi ya kushoto yanapikwa zaidi, hasa la mbele kushoto. Ukijaza sawa pande zote asubuhi, mchana hayako sawa. La mbele kushoto mimi nalianzia chini ya mwenzake.

Hili pia linaeleza jambo ambalo watu hulalamikia gari bure. Ukitoka Druids, ambayo ni kona kali ya kulia, unashuka mlima kuingia Graham Hill Bend, ya kushoto. Unafunga breki ukiwa unateremka, nyuma imekuwa nyepesi, na matairi unayoyaegemea sasa ni ya kulia ambayo hayajapata moto wa kutosha. Mkia unatikisika pale. Mtu anarudi pit analegeza stabilaiza ya nyuma, na kona nyingine zote zinaharibika. Kona moja isikupangie gari nzima.

---

Makanika wa Kasarani

Mleta uzi, hapo kwa stabilaiza tubishane kidogo. Mimi niko Nairobi, naendesha Impreza ya sedani, WRX. Nilifunga stabilaiza nene MBELE. Kwa hesabu yako mbele ingefaa kupoteza gripu na pua igome zaidi. Lakini gari inakata kona vizuri kuliko awali, na si mawazo yangu, saa inasema hivyo. Sasa?

---

Geji ya Upepo

Swali zuri sana, na jibu lake ndilo linaloonyesha kwa nini huwezi kupanga gari kwa kukariri.

Impreza nayo ni strati mbele, na injini yake imetangulia mbele ya ekseli, kwa hiyo uzito mbele ni kama asilimia 60. Gari ikilalia upande kwenye kona, tairi la nje mbele linapoteza kemba. Stabilaiza nene inafanya mambo mawili kwa wakati mmoja: inahamisha uzito zaidi kwenda tairi la nje, hiyo ni hasara, na inazuia gari kulala, kwa hiyo tairi linabaki limesimama vizuri na kukanyaga kwa upana wake wote, hiyo ni faida. Kama kemba yako ilikuwa mbovu, faida inazidi hasara. Umelipia stabilaiza kazi ya kemba.

Jaribio: weka kemba digrii 2.5 mbele, kisha rudisha stabilaiza ya kiwandani. Nadhani saa itakuwa nzuri kuliko sasa. Kama haitakuwa, njoo unisute hapahapa.

---

Makanika wa Kasarani

Sawa buda, nitapima. Na kwa Impreza ya STI yenye kile kirungu cha difu ya kati, ile ya kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma?

---

Geji ya Upepo

Hiyo difu ya kati inaitwa DCCD. Ukiifunga zaidi, ekseli ya mbele na ya nyuma zinalazimishwa kwenda mwendo mmoja, na kwenye kona ya lami pua inagoma. Ukiifungua, gari inageuka kwa urahisi zaidi. Ipange kwanza ikiwa imefunguka, halafu uifunge kidogokidogo ukitafuta mvuto wa kutokea. Kwenye vumbi hesabu inabadilika, huko nawaachia watu wa rally.

---

Bint Forodhani

Assalaam alaykum. Mie niko Dubai, nnaendesha Civic, ya kuvutwa mbele, pale saketi ya Autodrome. Huku joto si la mchezo, upepo wa tairi unapanda mpaka unaogopa kuangalia geji. Lakini swali langu jengine. Wenye gari za kuvutwa mbele huku wote wanakaza nyuma mno, mpaka tairi la nyuma la ndani linanyanyuka juu kwenye kona. Kwa maneno yako si wanaiba gripu ya nyuma? Na mbona wanakwenda kasi?

---

Geji ya Upepo

Waalaykum salaam dada. Hapo ndipo kanuni yangu ya kuiongezea mbele kwanza kabla ya kuchota nyuma inapata mpaka wake.

Gari ya kuvutwa mbele, matairi ya mbele yanafunga breki, yanakata kona na yanavuta kutoka. Ya nyuma yanafuata tu. Ukishawapa matairi ya mbele kila kitu, yaani kemba, matairi bora na difu nzuri, bado yatazidiwa kazi, na nyuma kuna gripu ya ziada isiyotumika. Hapo kuchota nyuma ni halali kabisa. Tena kuna faida ya pili: nyuma ikibeba sehemu kubwa ya ule uzito unaohama kwenda nje, tairi la mbele la ndani linabaki limekanyaga lami, kwa hiyo halizunguki bure ukikanyaga mafuta. Lile la nyuma linalonyanyuka lilikuwa halina kazi, acha lipunge hewa.

Hatari yake unaijua tayari, nadhani. Matairi ya nyuma ya gari hizo yanachelewa kupata moto. Mbele inashika tangu mzunguko wa kwanza, nyuma bado ni baridi, na mkia umeshaupunguzia gripu kwa makusudi. Kwetu huku watu wengi wenye gari za namna hiyo mkia unawageuza kwenye Paddock Hill Bend, kona ya kwanza ya Brands Hatch, kwenye mzunguko wa kwanza au wa pili, maana ile kona unaingia huoni inakokwenda, halafu lami inakuporomokea chini ya miguu. Mizunguko ya mwanzo nenda taratibu, na mkia ukianza kutoka usiachie mafuta. Gari ya kuvutwa mbele ukikanyaga kidogo inajinyoosha.

---

Bint Forodhani

Hilo la kukanyaga badala ya kuachia, mwalimu wa huku kanambia hivyohivyo, lakini mguu haukubali kabisa. Ahsante. Na upepo?

---

Geji ya Upepo

Punguza asubuhi zaidi kuliko mimi, na pima kila unaporudi, papo hapo, kabla hujavua helmeti. Mbele na nyuma zitapanda kwa kiasi tofauti. Tofauti ile yenyewe ni habari: ekseli inayopanda zaidi ndiyo inayofanya kazi zaidi.

---

fundi_miguu

Wakuu mimi ni fundi, nipo Ilala, saketi nimeona kwenye simu tu, lakini niseme la gereji. Watu wanaleta gari ya Japani ya miaka ishirini, bushi zote za kwanza, shokapu zinalia mafuta, wanataka coilover (springi na shokapu za kurekebisha) na stabilaiza. Ukiinua gari ukaitikisa gurudumu kwa mkono linacheza! Hiyo alaimenti utaiweka wapi? Leo unaipiga, kesho imekwenda. Altezza hasa, bushi za mkono wa nyuma zikichoka, ukifunga breki magurudumu ya nyuma yanaangalia nje kila moja na lake, gari inaogelea. Mwenyewe anasema "ni gari ya kudrifti hii". Ni bushi.

Na matairi: mbele mapya ya dukani, nyuma mtumba. Halafu mkia ukitoka wanashangaa. Soma zile tarakimu nne ubavuni, mfano 2316 ni wiki ya 23 ya mwaka 2016. Hata kama kashata (vile vitufe vya kukanyagia) bado zipo, mpira umeshakauka.

---

Geji ya Upepo

Fundi, huo mchango wako ulipaswa uwe posti namba moja. Wenye haraka waanze kusoma hapo.

---

Altezza ya Babu

Fundi umenisema mimi kabisa 😂 Mkuu mleta uzi, ninayo Altezza RS200, matairi 215/45 R17 pande zote, coilover za kurekebisha, stabilaiza za kiwandani. Bushi nilibadilisha zote. Kuna kiwanja kikubwa cha lami tunapewa ruhusa, tunapanga koni. Kona za taratibu pua inagoma katikati, ukikanyaga mafuta mkia unatoka. Nianzie wapi? Msinipeleke kwenye vitu vya hela nyingi.

---

Geji ya Upepo

Pua kugoma katikati halafu mkia kutoka ukikanyaga, mara nyingi ni ugonjwa mmoja. Pua inagoma, unasubiri, unachoka kusubiri, unaongeza usukani na mafuta kwa pamoja, ndipo nyuma inakatika. Ukitibu katikati, kutoka kutatulia kwenyewe. Ukikimbilia kutibu mkia kwanza kwa kuilainisha nyuma, pua itagoma zaidi na utarudi palepale.

Altezza ina wishibon mbili (mikono miwili, juu na chini, inayoshika gurudumu) mbele na nyuma, kwa hiyo kemba yake haipotei vibaya gari ikilala. Huhitaji digrii 3. Anza na alaimenti: mbele kemba digrii 2 za kulalia ndani, matairi ya mbele yaangalie mbele moja kwa moja. Nyuma kemba digrii 1.5, na matairi yaangalie ndani kidogo, hiyo itautuliza mkia. Kulia na kushoto ziwe sawa, na ukae ndani ya gari wakati fundi anapima, maana uzito wako unabadilisha namba.

Kisha upepo, psi 1 au 2 tu kwa wakati, ekseli moja kwa wakati. Shokapu zako zina kitufe cha kukaza, ukikikaza utahisi gari imechangamka pale unapokata usukani, lakini katikati ya kona ndefu, gari ikishatulia, shokapu haifanyi kazi kubwa. Kwa hiyo usitibu katikati kwa shokapu. Hela ya stabilaiza iweke kwanza kwenye matairi manne yanayofanana, tarehe moja.

Siku ya mvua, kama mtaruhusiwa kuendesha, legeza kila kitu, hasa nyuma.

---

Altezza ya Babu

Alaimenti ya mwisho fundi alinipa karatasi. Mbele kushoto kemba 0.4 ndani, kulia 1.1 ndani. Nyuma zote mbili 1.6. Matairi ya nyuma moja linaangalia nje.

---

Geji ya Upepo

Mkuu, kona za kulia na za kushoto unapata gari mbili tofauti hapo. Koni mlizipanga kuzunguka upande gani?

---

Altezza ya Babu

Kulia tupu. Yaani naegemea kushoto muda wote 🤦🏾

---

fundi_miguu

Tairi lenye 0.4 ndilo unalolikamua. Njoo Jumamosi asubuhi kabla foleni haijaanza, na uje na hiyo karatasi. Tunaanza na lile la nyuma linaloangalia nje.